Bizari ya mchuzi niliyotengeneza nyumbani imetoka chungu na imeganda mabonge: nimekosea wapi?

Mkaaji wa Kihonda, Morogoro

Habari za leo ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wote mlioko humu.

Ninaomba msaada katika jambo ambalo nilidhani ni jepesi. Baba yangu mzazi, ambaye ninaishi naye tangu mwaka jana, ana shinikizo la juu la damu, na daktari wake amemtaka apunguze chumvi. Nilipochunguza jikoni kwangu niligundua kwamba chumvi ninayotia kwa mkono ni kidogo, na kwamba iliyo nyingi inaingia kwenye sufuria kupitia vidonge vya kukolezea mchuzi, ambavyo nilikuwa nikitumia viwili kwa maharage na vitatu kwa nyama. Nikaamua kuviacha na kutengeneza mchanganyiko wangu mwenyewe wa viungo.

Nilinunua vitu sokoni nikavipima kwa mizani ya jikoni: giligilani gramu 100, binzari nyembamba gramu 50, uwatu gramu 50, pilipili manga gramu 50, manjano ya unga gramu 50, kisha karafuu, mdalasini na iliki gramu 25 kila kimoja. Nilivimimina vyote kwa pamoja kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa, nikavikoroga mpaka vikaanza kutoa moshi mwembamba, halafu nikavisaga kwenye blenda vikiwa bado vya moto kwa sababu niliona vinasagika upesi zaidi. Unga niliupakia katika kopo la plastiki lililokuwa na siagi ya karanga, nikalifunga hapo hapo.

Badala ya rangi ya njano nimepata kahawia iliyokolea. Mchuzi wa kwanza wa kuku ulikuwa na uchungu unaobaki nyuma ya ulimi hata baada ya kunywa maji, na Baba, ambaye si mtu wa kulalamikia chakula, aliweka kijiko chini akasema kwamba mchuzi unamkumbusha dawa aliyopakwa kwenye ufizi siku aliyokwenda kutibiwa jino. Sasa ni wiki mbili, unga umeshikana mabonge, na ukifungua mfuniko unasikia harufu ya uvundo kwa mbali. Hata nikitia kidogo sana ili uchungu usisikike, mchuzi wenyewe unakuwa mwepesi kama maji, hauna ule uzito wala utamu tuliouzoea.

Naomba mnieleze nimekosea wapi, na kama unga huu unaweza kuokolewa, kwa sababu viungo vimenigharimu fedha nyingi, hasa iliki.

Bibi wa Ng'ambo, Unguja

Marahaba mwanangu, na Mungu amjaalie mzee wako afya. Umefanya vyema kuandika vipimo, kwa sababu wengi huuliza kwa kusema walitia kidogo cha hiki na kidogo cha kile, na hapo anayetaka kusaidia hana pa kuanzia.

Nianze na hiyo dawa ya jino. Baba yako hakukosea hata kidogo: mafuta ya karafuu yametumika tangu zamani kutuliza maumivu ya meno, na ulimi wake umeyatambua. Katika gramu 375 za viungo vyako umeweka gramu 25 za karafuu, yaani sehemu moja katika kila kumi na tano. Mimi nimezaliwa Pemba, nimekua nikiruka majamvi ya karafuu zilizoanikwa kila msimu, na katika kilo nzima ya bizari sizidishi gramu 12 au 13. Karafuu ikizidi haifanyi mchuzi uwe mtamu zaidi. Inaufisha ulimi ganzi, na baada ya hapo giligilani na bizari nyembamba hazisikiki tena hata kama ulizinunua kwa bei gani.

Uwatu ndio uliokuletea uchungu. Ni mbegu chungu kwa asili yake, na ukiupitisha moto zaidi ya inavyostahili huwa chungu maradufu. Gramu 50 ulizotia ni zaidi ya sehemu moja kwa kila nane ya mchanganyiko wako, na tena umeukaanga pamoja na vijiti vya mdalasini vinavyohitaji moto mrefu. Hata ungekuwa mpishi hodari, kwa njia hiyo usingeweza kuunusuru.

Bizari yangu ya kila siku, inayofaa nyama, kuku na maharage, naipima hivi: giligilani gramu 200, bizari nyembamba gramu 80, manjano gramu 40, pilipili manga gramu 30, mdalasini gramu 15, tangawizi kavu gramu 15, iliki gramu 10, uwatu gramu 8 na karafuu gramu 5, na jumla yake inazidi gramu 400 kidogo. Usione ajabu kwamba giligilani peke yake inakaribia kuwa nusu. Ni kiungo cha upole, ndicho kinachoupa unga wingi, na viungo vikali hukaa ndani yake bila kushindana. Kwa nusu kilo ya nyama kijiko kimoja cha chai kilichojaa kinatosha, na anayependa harufu iliyokolea atie kimoja na nusu.

Sasa nikueleze namna ya kukaanga, kwa sababu hapa ndipo bizari nyingi zinapoharibikia. Kila kiungo kikaangwe peke yake, juu ya moto mdogo, katika kikaango kikavu kisicho na hata tone la mafuta. Ukiwa na jiko la mkaa, subiri makaa yaote majivu, kisha yatawanye. Anza na giligilani: izungushe kwa mwiko bila kusimama, na baada ya dakika tatu au nne utasikia mbegu chache zinapasuka kwa sauti ndogo, rangi yake itatoka kwenye majani makavu iwe hudhurungi hafifu, na harufu itabadilika ifanane na ganda la chungwa lililokamuliwa. Ipua hapo, usingoje zaidi, wala usiiache kikaangoni ukidhani kwamba kwa kuwa umeiondoa motoni imekwisha kuiva, kwa maana chuma cha moto kinaendelea kuikaanga. Imimine kwenye sinia pana. Bizari nyembamba haichukui hata dakika mbili. Pilipili manga na karafuu unazipasha tu mpaka zitoe harufu. Uwatu unaangaliwa kwa jicho: ukitoka kwenye unjano ukaanza wekundu hafifu, umekwisha, na ukisita kuipua utaupata mweusi. Mdalasini uvunje vipande vidogo kabla ya kuukaanga. Manjano na tangawizi zikiwa za unga haziguswi na moto kabisa, unazichanganya mwishoni. Unga wa manjano huungua katika kupepesa macho, na nadhani rangi yako ya kahawia ilianzia hapo. Moshi mwembamba uliouona ulikuwa ni mafuta ya viungo yakiondoka, na mafuta hayo ndiyo uliyokwenda kuyanunua sokoni.

Mabonge nayo yana sababu iliyo wazi. Kiungo cha moto kinatoa mvuke, na mvuke ukifungiwa katika kopo unageuka maji. Acha viungo vipoe kwenye sinia mpaka ukivigusa kwa nyuma ya kiganja usihisi joto lolote. Blenda nayo huzalisha joto, kwa hiyo saga kwa vipindi vifupi, ukizima na kupumzisha, halafu chekecha, urudishe chenga zisagwe tena, na mwisho utandaze unga wazi kwa muda upoe mara ya pili. Weka katika chupa ya kioo iliyokaushwa juani, uifunge vyema na uiweke kabatini mbali na jiko. Jambo moja ambalo hata wapishi wazoefu hulisahau: usinyunyize bizari kutoka kwenye chupa moja kwa moja juu ya chungu kinachochemka, kwa sababu mvuke unapanda na kuingia ndani. Chota kwa kijiko kikavu ukiwa umesimama mbali na chungu.

Ukisaga, saga ya miezi miwili tu. Mbegu nzima zinadumu mwaka na zaidi, lakini zikishakuwa unga harufu yake hupungua wiki hadi wiki. Unga wako wa sasa utupe, mwanangu. Najua unauma, lakini uchungu hauchekechwi.

Mpishi wa Majengo, Mombasa

Shikamoo Bibi. Nimesoma maelezo yako kwa furaha na ninaafikiana na mengi, ila nina mawili matatu ya kuongeza, na moja ambalo kwetu tunalifanya tofauti.

Dada wa Kihonda, kwanza uwe mwangalifu na majina unapokwenda dukani au unaposoma mapishi ya watu wa mahali pengine. Bibi anaposema bizari nyembamba anakusudia ile ambayo sisi Mombasa tunaiita uzile, na ambayo wengine wanaiita jira au bizari ya pilau. Giligilani kwa Wakenya wengi ni dania, mbegu na majani yake pia, ingawa huko Unguja majani nasikia yakiitwa kotmiri. Uwatu utaukuta dukani kwa jina la methi. Pilipili manga wengine huiita pilipili mtama. Na neno bizari peke yake linaweza kumaanisha manjano kwa mtu mmoja na mchanganyiko mzima wa mchuzi kwa mwingine, kiasi kwamba nimewahi kumtuma kijana bizari akaniletea nusu kilo ya manjano, na wali wa wageni ulikuwa unangoja.

Tunapotofautiana ni kwenye kukaanga. Kwa mchuzi wa samaki mimi sikaangi viungo kabisa. Ninavianika juani siku mbili, ninavisaga vikiwa vibichi, na ninaviivisha katika mafuta wakati wa kupika. Viungo vilivyokaangwa vina harufu nzito inayopendeza kwenye nyama ya ng'ombe na maharage, lakini kwa changu au tasi inamfunika samaki. Kwa hiyo ninatengeneza chupa mbili.

Ama kuhusu uzito wa mchuzi, dada, usiitafute dawa yake kwenye bizari, kwa sababu haimo. Vikolezo vingi vya paketi vinavyouzwa kwa ajili ya mchuzi vina wanga wa mahindi ndani yake, na wanga huo ndio unaoufanya mchuzi ushikane na kung'aa. Ulipoviacha uliondoa chumvi na wanga kwa mara moja, ukabaki na harufu peke yake. Unaweza kukoroga kijiko kimoja cha chai cha wanga wa mahindi kwa maji baridi na kuutia mwishoni, na hakuna ubaya wowote, lakini zipo njia zenye ladha zaidi. Kwa nusu kilo ya nyama kata vitunguu maji vitatu vyembamba, uvikaange kwa moto wa wastani kwa muda wa robo saa au zaidi mpaka viwe vya rangi ya asali na kuanza kuyeyuka. Vitunguu hivyo vitautia mchuzi uzito na utamu ambao hakuna kidonge kinachoweza kuuleta. Kwa maharage, chota upawa mmoja wa maharage yaliyoiva, uyaponde mpaka yawe uji, uyarudishe. Viazi viwili vilivyovunjwa ndani ya mchuzi wa kuku vinafanya kazi hiyo hiyo, na tui la nazi halihitaji kusifiwa na mimi.

Wakati wa kutia bizari ni baada ya kitunguu kuiva na kabla ya nyanya. Isukume kwenye mafuta, ikoroge kwa nusu dakika tu, na mara harufu inapopanda mimina nyanya ili moto ushuke. Rangi ya manjano na sehemu kubwa ya harufu za viungo huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, kwa hiyo bizari iliyonyunyizwa juu ya mchuzi unaochemka hubaki na ladha ya unga mbichi.

Juu ya unga ulioganda, mabonge yenyewe si sababu ya kutupa. Ukiuanika juani na kuuchekecha hufunguka.

Mhudumu wa lishe, Dodoma

Ninaomba nianze na hilo la mwisho, kwa heshima kwa ndugu yangu wa Mombasa. Mabonge ya kawaida hufunguka juani, ni kweli, lakini muulizaji ametaja harufu ya uvundo, na harufu hiyo ni dalili ya ukungu hata kama haujaonekana kwa macho. Viungo vya unga ni miongoni mwa vyakula vinavyoweza kushambuliwa na aina za ukungu zinazotoa sumu iitwayo aflatoksini, ile ile inayopatikana katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Sumu hiyo haiondolewi na jua, wala haimalizwi na moto wa kawaida wa kupikia. Kwa hiyo Bibi amesema kweli, na mimi natilia mkazo: tupa unga huo wote, na usimpe kuku.

Kuhusu chumvi, uamuzi wako ni mzuri. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni takribani kijiko kimoja cha chai cha kusawazisha, na kiasi hicho kinahesabu chumvi yote: ya mkate, ya samaki mkavu, ya vidonge na ya mkono wako. Chukua paketi ya kikolezo chochote usome orodha ya vilivyomo. Vitu hupangwa kwa uzito, kikubwa kikitangulia, na kwenye vidonge vya mchuzi mara nyingi neno la kwanza utakalolikuta ni chumvi. Ndiyo maana ninawasihi wote wanaotengeneza viungo nyumbani wasichanganye chumvi ndani ya bizari. Chumvi ikiwa peke yake unaweza kuipima na kuipunguza kidogo kidogo. Ikiwa ndani ya mchanganyiko, kila unapotaka harufu zaidi unaongeza chumvi bila kujua.

Ule utamu unaosema umepotea unatokana kwa sehemu kubwa na glutameti. Mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, aliitambua ladha hiyo mwaka 1908 katika supu ya mwani, na tangu hapo ikaanza kutengenezwa kama unga na kutiwa katika vikolezo. Watu wengi wanaiogopa kuliko chumvi, na hapo ninaona wamekosea, kwa maana kwa uzito ule ule ina sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha shinikizo la damu, takribani theluthi moja tu ya ile iliyo katika chumvi. Lakini huhitaji kuinunua, kwa sababu jikoni kwako imo tayari. Nyanya zilizoiva sana na kupikwa mpaka mafuta yaelee zina ladha hiyo, supu ya mifupa inayo, na uyoga uliokaushwa na kusagwa unayo kwa wingi. Dagaa wakavu pia ni wazuri: watoe vichwa, wapashe kikaangoni, wasage, na kijiko kimoja cha unga wao kitaukoleza mchuzi wa maharage au wa mboga, ila uhakikishe ni dagaa waliokaushwa bila chumvi. Uhifadhi unga huo katika chupa yake, usiuchanganye na bizari, kwa sababu unaharibika mapema zaidi.

Ukali wa ndimu au ukwaju unaotiwa mwishoni humfanya mlaji aone chumvi inatosha ilhali ni kidogo. Punguza chumvi kwa hatua, kwa wiki kadhaa, na ulimi wa mzee utazoea. Tafadhali usimnunulie chumvi mbadala yenye potasiamu bila kumuuliza daktari wake, kwa kuwa mtu mwenye tatizo la figo, au anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu, anaweza kudhurika nayo.

Mwanafunzi wa Mbeya

Nami ninaishi chumba kimoja na sina blenda. Ninasaga kwa kinu kidogo cha mbao, kiasi cha wiki mbili kwa wakati mmoja, na nimeona kwamba mdalasini na manjano mazima hayapondeki kwa kinu hata ukipiga mpaka mkono uchoke, kwa hiyo hivyo viwili ninanunua vya unga na vingine vyote ninaponda mwenyewe. Niliwahi kupeleka viungo kwenye mashine ya kusaga unga wa ugali. Bizari ilirudi na pumba za mahindi, na nadhani waliosaga mahindi baada yangu walikula ugali wenye harufu ya karafuu. Anayetaka kusagisha atafute mashine ya viungo peke yake.

Muuza viungo, Muheza

Ndugu wamekwisha kueleza kukaanga na kuhifadhi, kwa hiyo mimi nitazungumzia kununua tu, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na bizari iliyotokana na viungo vilivyochoka haiwezi kusaidiwa na ufundi wowote.

Dada, uko Morogoro, na milima ya Uluguru inatoa karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga, kama inavyotoa milima yetu ya Usambara ya Mashariki. Usikubali kuuziwa mabaki ya mwaka juzi ilhali mkulima yuko karibu nawe. Karafuu njema ina kichwa chake, na ukiibonyeza kwa ukucha inaacha unyevu wa mafuta. Itie chache katika bilauri ya maji: iliyo nzima huzama au husimama wima, na ile iliyokwisha kukamuliwa mafuta hulala juu ya maji. Iliki ichague iliyofunga, pasua moja utazame mbegu. Zinapaswa kuwa nyeusi na zenye kunata, siyo kijivu na kavu. Usiisage pamoja na maganda yake ikiwa unataka unga laini. Maganda yatie kwenye chai.

Pilipili manga ina udanganyifu wa zamani wa kuchanganywa na mbegu za papai zilizokaushwa, ambazo kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Zitazame kwa karibu: pilipili manga ni duara, na mbegu ya papai ni ndefu kidogo kama yai, ni nyepesi, na ukiitafuna haina ule ukali unaoujua. Mdalasini wetu una gome jembamba linalojikunja kwa matabaka mengi na kuvunjika kwa vidole. Ukikuta gome nene, gumu kama kipande cha kuni, hiyo ni jamii nyingine yenye ladha kali zaidi, na vipimo vya Bibi itabidi uvipunguze.

Manjano ninakushauri ununue mazima yaliyokaushwa. Yavunje, ndani yawe ya rangi ya chungwa iliyokolea. Unga wa manjano ndio unaochezewa kuliko viungo vingine, na huko Bangladesh watafiti walithibitisha kwamba ulikuwa ukitiwa rangi yenye madini ya risasi ili ung'ae, mpaka serikali ikaingilia kati mwaka 2019. Mimi mwenyewe nauza unga na ninajua ninausagaje, lakini mteja asiyenifahamu ninamwambia achukue mazima, ayapasue kwa nyundo ndani ya kitambaa, kisha ndipo ayatie kwenye blenda.

Mkaaji wa Kihonda, Morogoro

Ninawashukuru sana, na ninaomba radhi kwa kukaa kimya kwa majuma matatu. Sikutaka kurudi bila matokeo.

Unga wa zamani niliufukia. Nimetengeneza nusu ya vipimo vya Bibi, kila kiungo peke yake, na kwa mara ya kwanza nimesikia ile sauti ya giligilani inayopasuka na ile harufu ya ganda la chungwa, ambayo kabla ya hapo ilikuwa imefunikwa na moshi wa karafuu. Uwatu niliuipua mapema mno kwa woga, lakini haukuleta uchungu. Baada ya kujaribu mara mbili nimeshusha karafuu kutoka gramu mbili na nusu hadi moja na nusu, kwa kuwa Baba bado aliisikia. Chupa nimeibandika karatasi yenye tarehe.

Maharage ya jana yalikuwa na unga wa dagaa kijiko kimoja, upawa wa maharage yaliyopondwa, ndimu, na chumvi nusu ya ile niliyokuwa nikitia. Baba alikula akamaliza, na leo asubuhi nimemkuta amekaa kibarazani na ungo magotini, anachambua vijiti katika giligilani ya awamu ijayo bila kuombwa na mtu.

Limebaki moja. Ijumaa huwa tunapika samaki, na ninamwomba kaka wa Mombasa anipe vipimo vya chupa yake ya pili.

Mpishi wa Majengo, Mombasa

Hongera sana, dada, na mfikishie mzee shikamoo yangu. Kwa samaki chukua giligilani gramu 60, uzile gramu 20, manjano gramu 20 na pilipili manga gramu 12, basi. Mdalasini, karafuu, iliki na uwatu visiingie. Anika juani, saga bila kukaanga, na wakati wa kupika uitie kwenye mafuta pamoja na kitunguu saumu na tangawizi mbichi iliyopondwa. Ukwaju utie baada ya nyanya kuiva, tui zito mwishoni kabisa, na likishaanza kutokota usifunike sufuria.